Mazrui, A. ni nani?

Ukurasa wa 14 wa tasnifu niliyokuwa naisoma, mwanafunzi ameandika kwamba Kiswahili kilipenya bara kwa nguvu za biashara na siasa zaidi ya nguvu za dini, akafunga sentensi kwa mabano: (Mazrui, 1995). Hoja yenyewe inajadilika, na nilitaka kuona huyo Mazrui aliisema vipi. Nikafungua marejeleo mwishoni, nikamkuta: Mazrui, A. (1995), kisha jina la kitabu. Kitabu hicho hakizungumzii lugha. Ni historia ya Wamazrui waliotawala Mombasa.

Nikampigia simu. "Mwanangu, huyu Mazrui wako ni yupi?"

Akanyamaza kidogo. "Kwani wako wangapi, Mwalimu?"

Wako watatu, na mtu wa Mombasa anayesomea Kiswahili hana budi kuwajua. Wa kwanza ni Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyeanzisha gazeti la Al-Islah mwaka 1932, akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, akafariki mwaka 1947. Aliandika kwa Kiarabu historia ya ukoo wake, na tafsiri yake ya Kiingereza ikachapishwa mwaka 1995. Wa pili ni mwanawe, Profesa Ali Al'amin Mazrui, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1933 na kufariki 2014. Wa tatu ni Alamin Mazrui, mwanaisimu, mshairi na mwandishi wa tamthilia, wa ukoo huohuo. Hawa wawili wa mwisho waliandika pamoja kitabu kuhusu Kiswahili, dola na jamii, nacho kikatoka mwaka uleule wa 1995.

Sasa chukua mwongozo wa APA, yaani wa Chama cha Wanasaikolojia wa Marekani, ambao ndio unaotumika katika idara nyingi zetu. Unataka jina la ukoo litangulie, na majina mengine yafupishwe yabaki herufi. Sheikh anakuwa Mazrui, A. Mwanawe anakuwa Mazrui, A. A. Jamaa yao anakuwa Mazrui, A. M. Mwanafunzi mwenye haraka anaiacha herufi ya pili, mwandishi mwenzi wa kitabu anasahaulika, na mzee aliyezikwa mwaka 1947 anabebeshwa hoja ambayo hakuwahi kuitoa. APA wenyewe wanaagiza kwamba waandishi tofauti walio na jina moja la ukoo watofautishwe kwa herufi zao hata ndani ya matini. Agizo hilo ni zuri, lakini anayelijua ni yule tu aliyekwisha kujua kwamba Wamazrui wenye A ni zaidi ya mmoja. Anayedhani ni mmoja halimsaidii.

Kilichoniumiza zaidi ni kwamba rejeleo lile lilikuwa limepangwa barabara. Mwaka umo ndani ya mabano, nukta ziko mahali pake, jina la kitabu limelazwa, mstari wa pili umesogezwa ndani. Mtahini anayekagua kwa macho tu angempa alama zote. Ninaamini hapo ndipo tulipopotea: tumewafunza vijana wetu umbo la rejeleo, kazi yake tukaiacha njiani.

Kazi yenyewe ni msomaji nisiyemjua aweze kufika pale nilipofika mimi. Achukue jina, mwaka, kitabu na ukurasa, aende maktaba ya Fort Jesus au ya London, akifungue, aone kama nilisoma sawasawa. Mengine yote yamewekwa kuirahisisha safari hiyo. Italiki humwonyesha cha kuulizia maktabani: kama chanzo ni kitabu, hulazwa jina la kitabu, kama ni makala, hulazwa jina la jarida, kwa sababu rafuni hakuna makala iliyosimama peke yake. Mstari wa kwanza hutokeza pembeni ili jicho literemke kwa majina bila kukwama. Namba za kurasa humwokoa asisome jarida zima. Mwanafunzi akielezwa sababu, hasahau. Akiambiwa tu "weka hivi", kesho atauliza tena.

Na sisi wa Pwani hatukungoja kufunzwa jambo hili na wageni. Aliyekaa chuoni mbele ya maalimu akisomeshwa Hadithi anajua sanadi ni nini: fulani kapokea kwa fulani, naye kapokea kwa fulani, mpaka kwa Mtume. Mnyororo ukikatika, au akiingia mpokezi asiyejulikana, hadithi hupungua nguvu hata maneno yake yawe mazuri vipi. Abdullah bin Mubarak, mwanachuoni wa karne ya 8, alisema sanadi ni sehemu ya dini, na lau si sanadi kila mtu angesema alitakalo. Wanazuoni wakajenga elimu nzima ya kuwachunguza wapokezi, nani alizaliwa lini, alikutana na nani, hifadhi yake ilikuwaje. Vijana wetu wengi hukua wakiisikia elimu hiyo misikitini, kisha wakafika chuo kikuu na kuambiwa marejeleo ni suala la nukta na mkato. Hakuna anayewaunganishia mambo hayo mawili, na ni hasara kubwa, kwa sababu moyo wa jambo wanao tayari.

Nasema haya nikiwa nimeyapitia. Tasnifu yangu mwenyewe ilirudishwa mara mbili. Mara ya kwanza ni kwa kuwa niliweka mkato pahali pa nukta baada ya mwaka. Mara ya pili ni kwa kuwa majina ya majarida yalikuwa yamekolezwa wino badala ya kulazwa. Nililipa kuichapisha upya na kuifunga jalada upya mara zote mbili, wakati ambapo pesa hizo zilikuwa nauli ya mwezi. Miaka minne baadaye, nikitayarisha makala kutokana na kazi ileile, niligundua kwamba rejeleo moja ambalo sura nzima ya pili ililiegemea lilikuwa na mwaka usio sahihi, na ukurasa niliounukuu haukuwa na maneno yale. Nilikuwa nimenakili kwa mtu aliyenakili kwa mwingine. Watahini watatu walilipita. Nukta zake zilikuwa sawa.

Ndiyo maana napenda wanafunzi wajue kanuni hizi zilitoka wapi, maana mwongozo si msahafu. Mtindo tuuitao Harvard huhusishwa na Edward Laurens Mark, mtaalamu wa elimu ya wanyama katika Chuo Kikuu cha Harvard, ambaye mwaka 1881, katika makala ndefu kuhusu mayai ya koa, alitia jina la mwandishi na mwaka ndani ya mabano badala ya kumshusha msomaji hadi chini ya ukurasa. Mwongozo wa Chicago ulitoka mwaka 1906 kwa mahitaji ya wahariri na wapanga chapa wa Chuo Kikuu cha Chicago. APA ilianza mwaka 1929, makala ya kurasa saba tu katika jarida la wanasaikolojia. Mtindo wa Vancouver, wa namba, ulitokana na mkutano wa mwaka 1978 wa wahariri wa majarida ya tiba katika mji huo wa Canada, waliotaka miswada iwafikie kwa sura moja.

Kila kundi lilitatua shida yake. Mwanasaikolojia anataka mwaka uwe mbele kwa sababu utafiti wa juzi unaweza kuufuta wa jana. Daktari anataka namba kwa sababu makala yake ina vyanzo vingi na nafasi ni ndogo. Mwanahistoria anataka tanbihi kwa sababu chanzo chake ni barua iliyomo ndani ya jalada lililomo ndani ya sanduku, na mabano hayatoshi kuyasema hayo yote. Kumlazimisha mtu wa tenzi avae nguo ya mwanasaikolojia bila kuipunguza popote ni kumtesa bure. Nimeona pia wasimamizi wakimfokea mwanafunzi kwamba "hii si Harvard", ilhali Harvard haina kitabu kimoja rasmi. Kila chuo kina yake. Idara isiyoandika na kuwagawia wanafunzi toleo lake yenyewe haina haki ya kumrudisha mtu kwa mkato.

Kuna badiliko moja ambalo limetugusa sisi na wachache wamelitaja. Toleo la saba la APA, lililotoka mwaka 2019, liliondoa mji wa uchapishaji. MLA, chama cha wasomi wa lugha na fasihi cha Marekani, walikuwa wamekwisha kuuondoa mwaka 2016, na Chicago wakafuata katika toleo lao la 18, mwaka 2024. Sababu yao inaeleweka: mchapishaji mkubwa ana ofisi katika miji mingi, na mji hausaidii tena kukipata kitabu. Lakini kwa vitabu vya Kiswahili mji ni habari yenye uzito. Kitabu kilichochapishwa Mombasa, Unguja, Dar es Salaam au Johannesburg kinakuja na tahajia yake, lahaja ya mhariri wake na siasa za wakati wake. Mimi huwaambia wanafunzi wangu: uwekeni mji. Mtahini akiuliza, mwelezeni kwa nini.

Nimeitaja Johannesburg kwa sababu ya Muyaka.

Muyaka bin Haji al-Ghassaniy, malenga wa Mombasa, alifariki karibu na mwaka 1840. Mashairi yake yalibaki vinywani mwa watu na katika karatasi za hati ya Kiarabu. Mwishoni mwa karne ya 19 Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, mtu wa mji huu, aliyakusanya na kuyaeleza akishirikiana na mmisionari William Taylor. Muda mrefu baadaye Mwingereza mwingine, William Hichens, akayahariri, na diwani ikatoka mwaka 1940 kwa matbaa ya Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg. Kati ya mshairi na kitabu kuna miaka mia moja na watu watatu.

Fungua sasa tasnifu za vyuo vyetu uone Muyaka ananukuliwa vipi. Nyingi nilizosoma zimeandika: "Kama asemavyo Hichens (1940)", kisha likafuata shairi la Muyaka. Beti za mwana wa Mombasa zinamwangukia mhariri wake. Mwalimu Sikujua hatajwi popote, wala mwanzoni, wala mwishoni. Wengine hujaribu kumtendea haki Muyaka, wakaanguka kwenye shimo la pili: Haji, M. (1940). Huyo ni baba yake. "Bin Haji" maana yake ni mwana wa Haji, na kumwita mshairi Haji ni kumvua jina lake na kumvisha la mzazi. Jambo hili mtoto wa darasa la nne mjini hapa analijua, lakini kompyuta ikilitoa hivyo mwanafunzi wa uzamili anaona aibu kuipinga.

Ninavyopendekeza mimi ni hivi. Rejeleo liingie herufi ya M, kwa jina zima alilojulikana nalo: Muyaka bin Haji al-Ghassaniy, mwaka 1940 ndani ya mabano, jina la diwani kwa italiki, kisha katika mabano W. Hichens, mh., yaani mhariri, na mwisho mji na mchapishaji. Ndani ya matini iwe (Muyaka bin Haji, 1940) pamoja na ukurasa. Na mara ya kwanza diwani inapotajwa, sentensi moja tu imweleze msomaji kazi ya Sikujua na Taylor. Sentensi hiyo haimo katika mwongozo wowote. Iandikwe tu, maana bila hiyo sanadi imekatika.

Jambo la majina haliishi kwa washairi wa zamani. Wengi wetu Pwani hatuna jina la ukoo kwa maana ya Wazungu. Jina la pili kwenye kitambulisho ni la baba, la tatu ni la babu. Mwongozo ukidai "jina la mwisho litangulie", unamtanguliza babu, na mtafiti aliyekesha kwa miaka mitano anabaki herufi mbili nyuma ya mkato. Watu wa Iceland wana desturi inayofanana, na huko watu hupangwa kwa jina la kwanza. Majina ya Kiarabu yenye "al-" mbele, Chicago wanasema yapangwe kwa herufi inayofuata, kwa hiyo al-Ghassaniy akiorodheshwa kwa nisba yake, yaani jina la asili yake, huenda kwenye G. Kama miongozo inaweza kuwasikiliza hao, tatizo la majina ya bin na binti ni kwamba hatujawahi kukaa tukaamua kwa pamoja. Kila msimamizi ana yake. Nimeona mwandishi mmoja akitokea mara tatu katika orodha moja, kwa herufi tatu mbalimbali, kama watu watatu.

Hata programu za kupanga marejeleo haziwezi kukuamulia. Zotero, ambayo haina malipo na ambayo nawahimiza wote waitumie, ina visanduku viwili vya jina: la mwisho na la kwanza. Ukiandika Muyaka bin Haji bila kufikiri, itakukatia vipande. Lakini pembeni mwa visanduku kuna kitufe kidogo cha kuvigeuza kuwa kimoja, jina likabaki zima. Nimewaonyesha wanafunzi kitufe hicho katika saiba moja Mwembe Tayari, na kijana anayetuchapia kazi, aliyekuwa akichungulia begani, akasema, "Kumbe! Na mimi miaka yote nayakata kwa mkono." Kijana huyo amepanga marejeleo mengi kuliko mhadhiri yeyote ninayemjua, na hakuna idara iliyowahi kumwita hata kwa semina ya nusu siku.

Kuna vyanzo ambavyo havina kitabu. Binti mmoja ninayemsimamia anatafiti msamiati wa bahari: majina ya pepo, kaskazi, kusi, matlai na umande, sehemu za jahazi, na maneno ya kuongozea tanga. Chanzo chake kikuu ni nahodha mstaafu wa Kibokoni, aliyefundishwa na mjomba wake akiwa mvulana. Siku ya tatu ya mazungumzo mzee akamwuliza, "Mwanangu, na jina langu utaliweka wapi?" Binti akaja kwangu na swali hilohilo. Kwa APA jibu ni fupi: mazungumzo ambayo msomaji hawezi kuyapata huitwa mawasiliano binafsi, hutajwa ndani ya matini peke yake, na katika orodha ya mwisho hayaingii. Mhadhiri aliyekalia chumba chenye hewa baridi akatoa makala kuhusu jahazi, anaingia orodhani. Nahodha aliyezivuka bahari haingii.

Sababu ya kanuni hiyo naikubali, kwa kuwa orodha ni ya vitu vinavyofikika. Kwa hiyo tufanye mazungumzo yafikike. Rekodi iwekwe katika maktaba ya chuo pamoja na maandishi yake, ipewe namba, na hapo inakuwa chanzo kama chanzo kingine, jina la nahodha likiwa mbele. Huko Canada, Lorisia MacLeod, mkutubi wa jamii ya James Smith Cree, ametengeneza kiolezo cha kuwataja wazee na watunza maarifa wa jamii asilia: jina la mzee, jamii yake, mahali anapoishi, mada aliyoizungumzia na tarehe, na vyuo kadhaa vinakitumia. Sisi tuna wazee wa Kaya za Mijikenda, misitu ambayo UNESCO iliiingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2008, tuna waimbaji, tuna mafundi wa majahazi, na bado tunawaandika "mhojiwa 4". Ipo tofauti, nayo ni muhimu: aliyeomba asitajwe, au anayeweza kudhurika akitajwa, lazima afichwe. Lakini mzee aliyeombwa elimu yake, akaitoa, na akauliza jina lake litakaa wapi, kumficha ni kumdhulumu.

Upande wa pili wa mambo ni marejeleo yasiyo na kitu nyuma yake. Hili lilikuwapo kabla ya akili unde. Katika maelekezo kwa waandishi ya mchapishaji Elsevier kulikuwa na rejeleo la mfano, la kuonyesha mpangilio tu: Van der Geer, Hanraads na Lupton, mwaka 2000, makala ya kurasa 51 hadi 59 kuhusu sanaa ya kuandika makala za kisayansi. Makala hiyo haikuwahi kuandikwa. Profesa mstaafu wa Leiden, Pieter Kroonenberg, alipolifuatilia, na Anne-Wil Harzing akalichapisha jambo hilo mwaka 2017, ilionekana kwamba rejeleo lile lilikuwa limenukuliwa karibu mara 400. Watu walikuwa wakiacha mfano ndani ya kazi zao bila kuufuta, ama wakiunakili kutoka kwa wenzao. Na kwa mpangilio lilikuwa rejeleo safi kabisa, kwa sababu lilitungwa liwe mfano wa usafi.

Sasa akili unde inatunga marejeleo ya aina hiyo kwa sekunde chache, kwa majina ya watu wa kweli na majarida ya kweli. Mwezi Juni 2023 mahakama moja ya New York iliwatoza mawakili wawili na ofisi yao faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha kesi ambazo ChatGPT ilizibuni. Katika tasnifu za Kiswahili hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu kuhakikisha ni kugumu zaidi. Makala mpya ya Kiingereza huwa na DOI, namba ya kudumu iliyoanza kutumika mwaka 2000. Iweke baada ya doi.org, ikikupeleka kwenye makala nyingine au isikupeleke popote, umejua. Vitabu vyetu vingi havina DOI. Vilivyotangulia mwaka 1970 havikupata hata ISBN, namba ya kukitambulisha kitabu, vilipotoka. Rejeleo la uongo la kitabu cha Kiswahili cha mwaka 1965 halina mashine ya kulikamata. Linakamatwa na mtu aliyewahi kukishika kitabu, au aliyeuliza.

Kwa hiyo nimebadilisha namna yangu ya kutahini. Nachagua marejeleo matano ovyo ovyo, nampelekea mwanafunzi siku moja kabla, namwomba aniletee picha mbili za kila moja: ukurasa wa hakimiliki na ukurasa aliounukuu. Simu wanazo. Mwanafunzi aliyezoea kupiga picha hizo pale pale maktabani, kitabu kikiwa mkononi, huzileta kwa dakika kumi. Asiyezoea hukosa usingizi usiku huo, na mara nyingi asubuhi huja kuniambia ukweli kabla sijamwuliza: "Mwalimu, hivi viwili sikuviona, nilivitoa kwa fulani." Hilo nalo lina namna yake halali ya kuandikwa: chanzo cha asili kinatajwa ndani ya matini, kikifuatiwa na "kama kilivyonukuliwa na" fulani, na orodhani anaingia yule fulani peke yake. Kusema "sikukiona mwenyewe, nimekipata kwake" hakumpunguzii mtu heshima. Wapokezi wa Hadithi walisema hivyo kwa karne nyingi.

Nukta na mkato narekebisha mwisho, kwa kalamu ya risasi, na simrudishi mtu kwa hizo.

Na yule mwanafunzi wa Mazrui alirekebisha. Alikwenda kukitafuta kitabu, akakuta hoja ile haimo kwa maneno aliyoyaandika, imo kwa uangalifu zaidi, ikiwa na masharti aliyokuwa ameyaruka. Aya yake ya ukurasa wa 14 imekuwa aya tatu, na sasa anabishana na waandishi wake kwa ukurasa na mstari. Majina yao ameyaandika kamili, Ali Al'amin na Alamin, na Sheikh Al-Amin amempa mstari wake peke yake, pamoja na mwaka aliofariki. APA haikumtaka afanye hivyo. Nimempitishia.

Mimi na wanafunzi wanne tumeanza kuandika karatasi ya majina, ukurasa mmoja, ya kuwasilisha kwa idara. Kila kanuni ina mfano wake. Mwenye bin au binti aingie kwa jina lake mwenyewe. Jina lisikatwe kuwa herufi pale ambapo waandishi wawili watafanana. Mhariri wa diwani asikalie kiti cha mshairi. Tumefika kumi na moja bila ugomvi mkubwa.

Ya kumi na mbili imetukwamisha. Mwana Kupona binti Msham alitunga utendi wake mwaka 1858, na chapa inayonukuliwa sana ni ya Alice Werner na Hichens ya mwaka 1934, kwa hiyo miaka yote miwili lazima iwepo, hapo tunakubaliana. Tunachobishania ni herufi. Miongozo inasema vyeo viondolewe. Wawili wanasema "Mwana" ni heshima, kama Bibi au Sheikh, basi aingie kwenye K. Wawili, mmoja wao mtu wa Lamu, wanasema hakuna aliyewahi kumwita Kupona mtupu, na kumwita hivyo ni kumkosea adabu mama wa watu. Aingie kwenye M. Mimi niko na mtu wa Lamu, lakini wale wengine wawili hawajakubali, na tunakutana tena Jumamosi.